Kimrija Kwenye Leso

Mama mkwe alifungua leso juu ya meza ya daktari.

"Nimekusamehe, mwanangu, najua una wagonjwa wengi. Ulisahau hiki ndani ya mkamwana wangu. Nimekiona hamamuni nikimsugua, nikakivuta."

Kilikuwa kimrija cha mpira, kimeoshwa hadi kinanukia sabuni ya zeituni. Dokta Rawdha alikiweka mwenyewe juma lililopita, kwenye uvimbe wa mlangoni mwa uke, kikae mwezi mzima kikitoa maji. Sasa uvimbe ulikuwa umerudi, na mkamwana alisimama ukutani, hawezi kuketi.

"Si nilikwambia kisiguswe?"

"Uliniambia, dokta." Mkamwana akatazama sakafu. "Ningembishia vipi mama mbele ya wanawake wote wale waliokuwa wakioga?"

Dokta akavaa glavu, meno ameyauma.

"Na safari hii, mwanangu," mama mkwe akasema, "hesabu vitu vyako kabla hujamaliza."