Atamaliza Ijumaa

Siku ile mjinga alikuwa meneja, na baadaye alikuja kulikiri mwenyewe. Asubuhi, hata hivyo, alijiona mjanja kuliko wote.

Barua ya kampuni inayonunua mashati ya kiwanda chake ilikuwa mfukoni: "Mkaguzi wetu atamaliza kazi Ijumaa." Na Ijumaa ndiyo hiyo. Mlango wa nyuma, ambao siku zote hukaa na kufuli, ulikuwa wazi kabisa. Wafanyakazi walishakaririshwa majibu: tuko hapa kwa hiari, tunaondoka tukitaka. Vitambulisho vyao, alivyowanyang'anya siku ya kuajiriwa ili wasitoroke, vilijaa kwenye droo yake. Alivitupia humo bila hata kuvisoma. Kadi ni kadi.

Aliyemkera ni mmoja tu: mama wa vifungo, mgeni wa wiki tatu, waliyembandika jina Mama Maswali. Vifungo vyake vilikaa upogo kama meno ya mtoto wa miaka saba, lakini mdomo haukupumzika. Dada, tangu lini hujaenda kwenu? Shangazi, ukiugua unamwomba nani ruhusa? Wenzake walimtania kwamba kama angeshona kwa kasi anayoulizia, angevisha nchi nzima. Jana alimfuata meneja akadai kitambulisho chake, akaambiwa akae la sivyo atajuta. Akakaa, lakini macho hakuyainamisha.

Saa nne gari likasimama. Akashuka bwana mwenye shati jeupe na miwani. Meneja akamdaka mkono, akamzungusha kiwanda kizima, akamwonyesha hadi vyoo, ambavyo rangi yake ilikuwa bado mbichi. Bwana aliitikia kila kitu, akasifu chai, asiandike hata neno. Meneja akamnong'oneza msimamizi kwamba huyu tumeshamweka mfukoni.

Ndipo Mama Maswali akazima mashine yake, akainuka. Mashine nyingine zikanyamaza moja baada ya moja. Akasema anataka kitambulisho chake, na leo hakitaki peke yake. Anataka vya wote.

"Keti, mama. Usiniaibishe mbele ya mkaguzi."

"Mkaguzi gani?" Bwana yule akatua kikombe. "Mimi dereva, mzee. Nimekuja kumchukua huyu mama. Si anamaliza leo?"

Meneja akaitoa barua, akaisoma tena, safari hii polepole, neno kwa neno. Kisha akapandisha sauti: huo ni ulaghai, ripoti ya huyo mama haitambui, mkaguzi wa kweli hujitambulisha mlangoni.

"Wewe hukuwahi kunionyesha kitambulisho," akamnyooshea kidole Mama Maswali.

"Nilikupa siku ya kwanza, bosi. Kiko kwenye droo yako, pamoja na vya wenzangu hawa."