Fundo la Serwaa

Kuku wa mwisho ndiye aliyekuwa na utepe mwekundu mguuni. Mama Serwaa alimshika juu ya lundo la maranda na samadi, walikokwisha kuwafukia wenzake waliokufa kwa kideri kama yeye.

"Utoe huo utepe," mumewe alisema, koleo mkononi. "Nailoni haiozi, na mbolea hii tutaitia kwenye magimbi."

Lilikuwa fundo la kitoto, limezungushwa ovyo na kukazwa kwa meno. Serwaa alilifunga kabla homa haijamchukua, akasema huyu ni wake, asichinjwe.

Mumewe akampa kisu. "Kata tu, mama."

"Nikilikata hili, nani atanifungia jingine?"

Mumewe akakitwaa tena kisu, akaukata mguu wa kuku, akauvua utepe taratibu, fundo likiwa zima.