Mrithi wa Makala

Nilibofya "Futa mtumiaji" mbele ya jina la dada yangu. Blogu tuliijenga wawili: yeye maneno, mimi rangi na menyu, na ugomvi wa fonti kila siku.

"Akaunti ya marehemu usiiache wazi, kaka," fundi wa seva alikuwa amenionya. "Wadukuzi watapitia hapo hapo."

Programu haikufuta. Iliuliza kwanza: makala zake zifutwe zote, au azirithi nani?

Nikafungua orodha ya warithi. Lilikuwamo jina moja tu, langu.

Nikabofya "Ghairi".

Kisha nikambadilishia nywila. Nilifumba macho, nikapiga herufi ovyo ovyo, nikahifadhi, ili asiingie mtu tena kwa jina lake. Hata mimi.