Nguchiro Apinga Hoja Yake

Katika chuo cha wanyama palikuwa na Nguchiro, bingwa wa midahalo asiyewahi kushindwa. Siku moja aliwaomba kanga kazi ya kulinda mayai yao, akaitetea hoja yake vizuri hata wengi wakakubali. Bi Kanga, mkubwa wao, hakumwamini. Alikuwa akimtazama meno.

“Mwanangu, nasikia chuoni mnajifunza kutetea na kupinga. Kupinga nako unakuweza?”

“Huko ndiko kwangu, mama!” Nguchiro akajibu kwa majivuno. “Ndugu kanga, msimpe nguchiro mayai! Ushahidi ninao. Juzi kwale waliniamini, nikala yote kumi na mawili!”

Kanga wakatawanyika, kila mmoja akaenda kulalia mayai yake. Nguchiro akabaki amesimama, akisubiri atangazwe mshindi.