Mapazia ya Mtaa Uliobomolewa

Mwantumu alikuwa akimshonea mjukuu wake mchanga blanketi la viraka. Kila kiraka kilikuwa nyumba moja ya mtaa wao uliobomolewa, kimekatwa kwenye pazia la mlango wake. Mkwewe Shomari, karani wa halmashauri, akamsihi aliache.

"Mama, wakubwa wanakuja kwenye arobaini ya mtoto. Ramani yao inasema pale palikuwa pori. Watanifukuza kazi."

"Pori gani hilo lenye mapazia, baba? Atafunikwa hili hili, mbele ya macho yao! Imebaki nyumba ya mama yako tu, na pazia lake unalo wewe. Lilete."

Shomari akaitazama nafasi tupu katikati ya blanketi. Mwantumu alikuwa amemnyooshea mkono, uzi mwekundu tayari sindanoni.