Twiga na Jalala la Bondeni

Wanyama nao waliwahi kuwa na mji, na penye mji hapakosi taka. Twiga, kwa kuwa aliona mbali kuliko wote, alipewa na baraza la wanyama kazi ya kupanga mahali pa jalala. Akainua shingo, akatazama huku na huku, akasema, "Liwekwe bondeni. Kule haishi mtu."

"Na sisi je, bwana mkubwa?" akauliza Bi Fuko, akichomoza kichwa shimoni.

Baraza likacheka. Twiga akajibu kwa upole, "Ninyi mko chini ya ardhi, mama. Harufu itapita juu kwa juu."

"Haya. Ila desturi mnaijua: jambo la wote huzinduliwa kwa karamu, palepale lilipo, na aliyelipanga ndiye mgeni rasmi. Mimi nitapika."

Taka zikarundikwa, siku ya karamu ikafika. Twiga hajagusa sinia lake, upepo ukavuma. Akainua shingo kuukimbia uvundo, uvundo ukapanda naye. Akazidi kuinua, machozi yakamtoka. Mwishowe akapiga magoti na kushusha pua hadi ardhini kutafuta nafuu. Hapo ndipo alipoona milango midogo iliyofagiliwa vizuri, na kila mlangoni watoto wameziba pua.

"Kumbe kuna watu!"

"Karibu, bwana mkubwa," akasema Bi Fuko. "Chakula kinapoa."

Jalala likaondolewa, kila mtaa ukachimba shimo lake, hata mtaa wa Twiga. Tangu hapo Twiga hapangi kitu kabla hajapiga magoti, na wageni wa mji humsifu kwa kupenda ibada.