Hotuba ya Ndovu

Mwaka wa kiangazi kirefu, wanyama walibakiwa na kisima kimoja, na Ndovu akakiziba kwa mwili wake. Wakamtuma Pimbi, mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno. Pimbi akamkumbusha Ndovu bibi yake marehemu, aliyewaachia maji hata panya. Ndovu akatokwa na machozi, akasogea.

Tangu hapo Pimbi akavimba kichwa. Nyati naye alipolala kwenye tope la kisima, na watoto wa swala wakaanza kuanguka kwa kiu, Pimbi akaenda na maneno yale yale.

"Mzee Nyati, mkumbuke bibi yako marehemu."

"Bibi yangu alikufa akikilinda kisima hiki," alisema Nyati, akainamisha pembe. Pimbi akatimua mbio, akafika nyumbani kwake miguu haigusi chini.

Ndipo Shashi, ndege adonoaye kupe mgongoni mwa Nyati, akamnong'oneza: "Mzee, bondeni kuna majivu ya nyasi zilizoungua. Ukigaagaa humo, mwasho utapoa."

Nyati akainuka, akaenda zake.

"Ndugu yangu," Pimbi akamuuliza Shashi, aliporudi kisimani na kusikia yaliyotokea, "maneno mepesi hivyo umeyatoa wapi?"

"Kwa Nyati mwenyewe. Mwasho ndio uliomlaza pale, wala hukumuuliza. Hotuba yako ilikuwa tamu, ila ilikuwa ya Ndovu."